Mkono wa Kupimia

Jumanne, 4 Machi

Wifi,

Kwa simu unanikata kauli, ndiyo maana nimeamua kuandika. Karatasi huwezi kuikatiza. Hata ukiichana, utakuwa umeshaisoma.

Sina salamu ndefu. Kaka yako hajambo, yuko safarini na lori lake. Mgonjwa ni mimi. Ile rangi mpya nyeusi ya nywele ya kiwanda chenu, ile ya kopo la kijani, imenitenda. Nilianza kuwashwa katikati ya vidole, nikasema ni sabuni. Kisha mikono ikavimba, ngozi ikapasuka, ikaanza kutoa maji. Haya, mimi ni fundi wa nywele, nimezoea kuungua na kuchubuka. Lakini wiki iliyopita nilimpaka mwalimu mmoja, mteja wangu wa siku nyingi. Kesho yake mumewe alimleta mlangoni kamshika mkono kama kipofu, macho yamefumba kwa uvimbe, kichwa kizima kinachuruzika maji. Wifi, nililia mbele za watu.

Afisa afya kaja, kafunga saluni. Anasema vifaa vyangu ni vichafu. Mimi! Mimi ambaye ukiingia na matope nakurudisha mlangoni ukapanguse! Kuna kikao ofisi ya viwango mwezi ujao. Nisipoonyesha kwamba kosa ni la rangi, leseni inakwenda, na jina langu linakwenda nayo.

Sasa nisikilize. Rangi ile niliwapaka watu kwa jina lako. Kila aliyeuliza nilimjibu, "Wifi yangu yuko kiwandani kwenyewe, hakuna pipa linalotoka bila kupimwa." Nenda kwa wakubwa wako uwaambie waisimamishe. Siombi, nasema.

Wifi yako wa saluni


Jumatatu, 10 Machi

Wifi yangu mwenye hasira za karibu,

Barua nimeipata na sikuichana. Nimeisoma mara mbili, ya pili nilikuwa nacheka. "Siombi, nasema." Haya, bibi mkubwa!

Pole kwa mikono. Pole pia kwa mwalimu. Lakini rangi yetu usiisingizie. Wewe hujui tunavyofanya kazi hapa, ngoja nikueleze. Pipa likishachanganywa halifungwi, linasubiri. Mpimaji anapakwa tone moja kwenye kiwiko kwa ndani, pale penye ngozi laini, linafunikwa kwa plasta. Kesho yake asubuhi meneja mwenyewe anabandua plasta, anatazama. Pakiwa safi, anagonga pipa kwa fimbo yake na kusema, "Imepita." Ndipo linafungwa. Na mpimaji huyo unamjua, ni mimi. Unadhani kwa nini kiwanda kizima kinaniita Chuma? Tangu nianze kazi hii hakuna pipa lililonitoa hata kipele. Wageni wakija, meneja huniita nikaonyeshe mkono, nao hupiga picha.

Tena mama nilimpaka mwenyewe rangi hiyohiyo. Nywele zinang'aa utadhani kigoli, na hajajikuna hata mara moja. Mwulize.

Kwa hiyo tuambizane ukweli. Glavu huvai, nakujua, unasema zinateleza kwenye chanuo. Rangi na krimu unachanganya kwa macho tu, bila kupima. Na mama anasema watu wa kwenu mna ngozi za kudeka, eti tangu ulipoolewa ukiumwa na mbu mmoja unavimba mguu mzima. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, wifi. Vaa glavu, jipake mafuta, utapona.

Chuma


Alhamisi, 20 Machi

Wifi,

Kumbe! Kumbe maabara yenyewe ni kiwiko chako!

Miaka yote hii nawaambia wateja "inapimwa, inapimwa," nikiwaza watu wa makoti meupe wameinamia hadubini, kumbe ni wewe na plasta. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Halafu nikamkumbuka mwalimu, nikaacha.

Nijibu hili. Wewe ukinywa kahawa saa ya kulala unakoroma. Kaka yako akinywa anahesabu mabati mpaka kunakucha. Kahawa ni ileile, birika ni lilelile. Sasa ningekufanya wewe kipimo, nikawatangazia watu kwamba kahawa haizuii mtu usingizi, ungenionaje? Si ungesema nimechanganyikiwa?

Na mama yako ni mama yako. Mko damu moja, isipomwasha imethibitisha nini? Kwamba rangi inawafaa watu wa nyumba yenu, basi. Iandikeni hivyo kwenye kopo: kwa matumizi ya ukoo wetu tu.

Glavu nilivaa. Nilivaa mbilimbili. Rangi yenu inapita humohumo kwenye glavu.

Na hilo la ngozi za kudeka, mwambie mama nimelisikia. Ngozi hii ya kudeka ndiyo iliyomfulia mashuka alipolazwa. Asinisahau upesi hivyo.

Wifi yako wa saluni

(Mimi mwandishi wa barua hii ni fundi cherehani wa chumba cha pili. Naomba ieleweke kwamba naandika ninachoambiwa. Kuna maneno mawili nimekataa kuyaandika.)


Jumamosi, 29 Machi

Wifi,

Nani huyo anayekuandikia? Nilipoona mwandiko nilidhani barua imepotea njia. Eti fundi cherehani! Fundi cherehani gani anajua kupanga maneno vile? Huyo ni wakili, usinifanye mtoto. Umeona mdomo wako hautoshi, ukaazima mwingine. Ugomvi wa mawifi humalizwa jikoni, wewe umeutolea mashahidi.

Haya, kama ni mashahidi, na mimi nimepata wangu. Meneja amesikia habari za kikao. Kaniita ofisini, kanikalisha kwenye kiti cha wageni, kaniagizia chai. Anataka nikasimame mbele ya wakubwa wa viwango niwaonyeshe mkono. "Chuma," kasema, "mkono wako una uzito kuliko makaratasi yote." Nikirudi nitakuwa msimamizi wa chumba cha kuchanganyia. Tangu niingie kiwanda hiki sijaona mwanamke aliyekabidhiwa chumba kile.

Nimekubali. Sitaki uje uambiwe na watu, nakwambia mwenyewe. Wewe unalinda saluni yako, mimi nalinda jina langu. Ukisema rangi ni mbaya, unasema nimekuwa nikiwadanganya watu kwa mwili wangu mwenyewe. Hilo silikubali, hata ungekuwa mke wa kaka yangu mara kumi.

Chuma


Jumapili, 6 Aprili

Wifi,

Juzi nimetoka kwa daktari wa ngozi. Alinibandika vipande mgongoni, kila kipande na kemikali yake, akanikataza kuosha mgongo mpaka aniite. Alipobandua, vyote vilikuwa kimya isipokuwa kimoja. Kile cha rangi nyeusi kilikuwa kimeinuka kama kifungo cha koti, chekundu, kinawaka.

Nikamuuliza swali lako. Mbona wifi yangu anapakwa kila siku na hapati kitu? Akasema watu wengi wanadhani ngozi ni pazia, kazi yake kufunika tu. Siyo. Ngozi ni jiko. Kila kinachoingia humo kinapikwa na vitu anaviita vimeng'enya, kinageuka kuwa kitu kingine. Kuna watu jiko lao lina moto, rangi ikiingia inapikwa chapchap, ukali unakwisha, inatoka. Kuna wengine moto wao ni mdogo. Inabaki nusu mbichi, inageuka kitu kibaya kuliko kilichoingia, na mwili ukishakijua kitu hicho hauna msamaha nacho tena. Si uchafu, si udhaifu, wala si kudeka. Huwezi kumtambua mtu kwa kumtazama. Hata ndugu wa tumbo moja wanaweza kupishana.

"Wifi yako ana bahati," akasema, "ila bahati ya mtu mmoja haiwi kipimo cha watu wote."

Basi njoo na mkono wako, Chuma. Njoo umeupaka mafuta unang'aa. Na mimi nitakuja na yangu. Tutaiweka juu ya meza moja, watazame wenyewe. Sikuogopi wewe, simwogopi meneja wako, sembuse hiyo fimbo yake ya kugongea mapipa. Wakinifungia saluni moja kwa moja nitasukia watu barazani kwangu. Na barazani wakinifukuza, nitakaa njiani na kigoda changu.

Wifi yako wa saluni

Dada Chuma, hapa nasema mimi fundi cherehani kwa niaba yangu. Mimi si wakili, nashona sare za shule. Wifi yako hawezi kushika kalamu. Vidole vyote vimefungwa bendeji, na kwa vile mumewe yuko safarini, asubuhi mke wangu ndiye anayemfunga vifungo vya blauzi. Amenikataza nisikwambie. Mimi nimekwambia.


Ijumaa, 11 Aprili

Wifi,

Kwa nini hukuniambia? Unaweza kunijazia ukurasa mzima wa kahawa na mabati, ukashindwa kuniambia huwezi kufunga kifungo?

Nimekasirika na sijui nimkasirikie nani. Jana nilimwendea meneja nikamwambia, "Bosi, kabla ya kikao tupime na mikono mingine, miwili mitatu hivi, tuwazibe watu midomo." Akacheka. Akaniambia, "Chuma, mikono mingine tulishaijaribu. Iliharibu kipimo."

Nilitoka pale neno hilo linanizunguka kichwani. Iliharibu kipimo. Nikaenda moja kwa moja chumba cha kufungashia. Kuna dada mmoja pale, mnene, mcheshi, ambaye havai mikono mifupi hata jua liwake vipi. Mimi naingia kiwandani, mpimaji alikuwa yeye, na mwenzake aliyekuja kuacha kazi. Wakahamishwa, nikawekwa mimi. Siku zote nilidhani waliogopa. Nikamwambia, "Funua." Akanitazama weee, halafu akafunua. Wifi, kiwiko kile kina kovu la ukubwa wa kisahani cha chai. "Nikivimba walikuwa wananingoja nipone, wananipaka tena," akasema. "Kila pipa nililolikataa, walisema mimi ndiye mbovu. Mpaka ulipokuja wewe."

Mimi nilijua nimechaguliwa kwa nguvu zangu. Kumbe nilichaguliwa kwa kuwa mkono wangu ni bubu.

Tutaonana kikaoni Alhamisi. Nitakuja kwa gari la kiwanda na nitakaa upande wa kiwanda. Zaidi ya hapo usiniulize. Huyo fundi wako mwambie ahsante.

Chuma


Ijumaa, 18 Aprili

Wifi,

Umesema nini mle ndani?

Mimi walishanisikiliza, wakanitoa nikakae kwenye benchi la nje, ndipo ukaitwa wewe. Ulinipita pale, umeitazama mikono yangu, hukunipa hata salamu. Nikasema moyoni, kwisha kazi. Barua yako ya mwisho nimeilalia na kuiamkia, bado sikujua unakuja kama ndugu au kama mkono wa kiwanda. Kisha nikasikia sauti yako, maneno siyapati. Kisha mtu akaangua kicheko, kiti kikaanguka, na meneja wako akatoka anajifuta jasho shingoni, akanipita kama hanioni. Wewe walikutolea mlango wa nyuma. Nimelizunguka jengo lote nakutafuta, sikukukuta.

Karani anasema tusubiri uamuzi. Mimi siwezi kusubiri. Kama umenimaliza niambie umenimaliza, nijue nalia au nafanya nini. Hata fundi cherehani hafanyi kazi, ameacha sare za watoto wa watu zimelala kwenye cherehani.

Wifi yako wa saluni


Alhamisi, 24 Aprili

Wifi yangu,

Kaa chini. Na fundi naye akae.

Wewe walipokutoa, walianza na meneja. Alizungumza vizuri, ana Kiswahili cha redioni yule. Akamaliza kwa kusema, "Waheshimiwa, ushahidi wetu ni huu hapa," akaniita. Nikasimama, nikapandisha mkono wa gauni, nikauweka mkono wangu mezani. Wakubwa wakainama kuutazama, mmoja mwenye miwani akaugusa kabisa kwa kidole. Safi. Meneja akatabasamu.

Nikasema, "Mkono huu haujui kusema uongo. Ila habari unazozijua ni zangu peke yangu. Haumjui mwalimu aliyevimba, haumjui wifi yangu aliyeko nje." Meneja akanong'ona, "Chuma, inatosha." Nikamwambia, "Bado, bosi."

Nilikuja na mkoba. Nikatoa kopo la kijani, nikatoa plasta, nikatoa kijiti cha kupakia. Nikavipanga mbele yake mezani, vizuri, kama anavyopenda vipangwe. Nikamwambia, "Miaka yote umebandua plasta yangu. Leo zamu yako. Kunja shati."

Ungemuona! Akasema hapa si mahali pa mchezo. Nikamwambia sichezi. Akasema yeye si mpimaji. Nikamwambia na mimi sikuzaliwa mpimaji. Yule wa miwani akamuuliza, "Kwani kuna tatizo gani, meneja? Si umesema ni salama?" Akashika kifungo cha mkono wa shati. Akakizungusha, akakizungusha, hakifungui. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Mimi ngozi yangu ina matatizo kidogo."

Hapo ndipo mtu alipocheka. Ni yule dada wa kufungashia, nilimwomba aje, akakaa viti vya nyuma. Alisimama kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka. Akapandisha mkono wa gauni, kovu lile likaonekana chumba kizima, akasema, "Na yangu ilikuwa na matatizo, bosi! Mbona yangu hukuihurumia?"

Kwa hiyo sijakumaliza, wifi. Kilichokwisha ni kazi yangu. Barua ya kufukuzwa ilinitangulia nyumbani. Mama amelia, anasema nimeipiga teke bahati yangu kwa ajili ya maneno ya watu. Nikamwambia bahati yangu iko kwenye ngozi, hawakunipa wao ofisini na hawawezi kuninyang'anya. Akajifuta machozi. Halafu akaniuliza mikono yako inaendeleaje. Ndiyo mara ya kwanza ameuliza, mpe haki yake.

Leo nimeamka nikatazama kiwiko kwa mazoea. Nikakumbuka hakuna anayekuja kubandua kitu. Nimekiosha kwa sabuni nikavaa.

Chuma
(jina nalibakiza, hilo si la kiwanda)


Jumatatu, 12 Mei

Wifi,

Uamuzi umetoka. Kopo la kijani linaondolewa madukani kote, na kiwanda hakiuzi tena rangi mpaka ipimwe na wataalamu, kwa watu wa kila namna, si kwa kiwiko cha mtu mmoja. Afisa afya alikuja mwenyewe kufungua kufuli. Alitaka kunipa mkono, nikamwonyesha bendeji, akaishia kutazama viatu vyake. Mwalimu macho yamefunguka, ila nywele za mbele bado. Amesema atarudi, lakini ni kusuka tu.

Daktari anasema mikono itapona lakini haitasahau. Rangi sitaigusa tena mpaka naingia kaburini. Basi njoo wewe, uwe fundi wa rangi hapa. Usijipe ukubwa, mwenye saluni ni mimi. Kusuka hujui, nitakufundisha kwa mdomo, na ukikosea nitakusema mbele ya wateja. Sheria ya hapa iko ukutani, fundi kaiandika kwa herufi kubwa: hakuna anayepakwa kitu kabla ya kupimwa kwa ngozi yake mwenyewe, nyuma ya sikio, akalale nayo, arudi tuone. Siku ya kwanza tu mteja mmoja alifoka kwamba namchelewesha, mbona shoga yake alipakwa kwingine na hakudhurika. Nikamwambia basi mlete huyo shoga yako tumpake yeye, wewe nenda. Akakaa.

Mama mwambie chumba kipo, aje naye. Ila akitaja tena ngozi za kudeka nitamsuka kombo makusudi, aende nazo hivyo kwa mashoga zake.

Fundi cherehani amenuna, anasema nimemwachisha kazi. Barua hii sikumpa. Nimeiandika kidogokidogo tangu Ijumaa, mstari asubuhi, mstari jioni, kalamu nimeizungushia kitambaa ili ishikike. Herufi zimepinda, na hapo pembeni pana doa. Ni damu, si rangi. Isome hivyohivyo.

Wifi yako,
kwa mkono wangu mwenyewe